Einstein, mtu aliyekataa kupasuliwa mara ya pili

Hapa Kongo, jina la Albert Einstein linatajwa sana sana pale watu wanapoongea juu ya Shinkolobwe, ule mgodi wa uraniumu karibu na Likasi, kule Katanga. Wanamtaja juu ya barua. Tarehe 2 mwezi wa nane mwaka wa 1939 aliweka sahihi kwenye barua iliyoandikiwa Presidenti Roosevelt wa Marekani, na ndani yake Kongo ya Wabelgiji ilitajwa kama mahali pa maana zaidi pa kupata uraniumu. Bomu ya Hiroshima ilikuja nyuma, na sehemu kubwa ya uraniumu yake ilitoka kwetu. Maneno hayo watu wengi wanayajua.

Leo tunaongea juu ya tumbo lake. Einstein alikufa kwa ugonjwa ambao wengi kati yetu hawajui hata jina lake, ugonjwa unaokaa kimya miaka na miaka kisha unaua kwa siku chache, wakati mwingine kwa dakika chache. Alikuwa ameshapasuliwa mara moja juu yake. Mara ya pili wanganga walimwambia kuna njia ya kujaribu, akakataa. Mpaka leo kuna wanaojiuliza kama alikosea. Kumjibu mtu wa namna hiyo, lazima kwanza kuangalia wanganga wa wakati ule walikuwa na nini mikononi.

Einstein alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1879 katika mji wa Ulm, Ujerumani, familia ya Wayahudi. Alisomea Zürich, Uswisi. Alipomaliza alikosa kazi ya ualimu, na mwaka wa 1902 akaingia kama karani katika ofisi ya serikali ya Bern, ile inayoandikisha vitu vipya ambavyo watu wamevumbua. Akiwa pale, mwaka wa 1905, akiwa na miaka 26, alitoa maandishi yaliyogeuza elimu ya fizikia. Miaka 10 nyuma yake, akiwa Berlin, alimaliza kazi yake kubwa juu ya nguvu ya uvutano. Mwaka wa 1919 Waingereza walipima mwanga wa nyota wakati jua limepatwa, wakaona hesabu zake ni za kweli, na toka siku ile jina lake likaenea dunia nzima. Zawadi ya Nobel ya 1921 aliipata pia.

Lakini mwili haukuwa na nguvu kama kichwa. Mwaka wa 1917, katikati ya vita ya kwanza ya dunia, chakula kilikuwa shida Berlin, naye akashikwa na magonjwa ya ini na ya tumbo, akakonda sana. Elsa, binamu yake ambaye alimwoa mwaka wa 1919, ndiye alimtunza na kumpikia mpaka akasimama tena. Mwaka wa 1928 alianguka kule Uswisi, wakakuta moyo wake umevimba, akalazwa kitandani muda mrefu. Na wakati wote huo kiko hakikutoka mdomoni. Wanganga walimkataza tumbaku, yeye akawa anatafuta njia za kuwazunguka. Alikipenda kiko mpaka uzeeni. Mtaona kwa nini tunakitaja.

Mwaka wa 1933 Hitler alishika utawala. Einstein hakurudi Ujerumani. Alikaa miezi kidogo pwani ya Ubelgiji, pale De Haan, akiwa na ulinzi wa polisi, na urafiki wake na Malkia Elisabeth wa Ubelgiji ukazidi. Ni juu ya urafiki huo Leo Szilard alimfuata mwaka wa 1939: wazo la kwanza lilikuwa kumwandikia malkia, Wabelgiji wasiache uraniumu ya Kongo iingie mikononi mwa Wajerumani. Kisha wazo likageuka, barua ikaenda kwa Roosevelt. Wakati ule Einstein alikuwa ameshakaa Princeton, Marekani, toka mwezi wa kumi 1933. Katika kutengeneza bomu yenyewe hakuingizwa, jeshi halikumwamini.

Princeton ndiyo ilikuwa nyumba yake ya mwisho. Elsa alikufa pale mwaka wa 1936. Dada yake Maja alikuja kukaa naye, na mwaka wa 1946 akapooza. Kila jioni Einstein alimsomea kitabu. Ndani ya nyumba hiyo ya wazee ndimo maumivu ya tumbo yalianza kumrudilia mara kwa mara katika mwaka: siku mbili tatu za uchungu upande wa juu wa tumbo, na kutapika, kisha yanapita. Ukisikia namna hiyo, hata wewe utasema ni nyongo. Wanganga pia walifikiri vile.

Mwishoni mwa mwaka wa 1948 walimpeleka kwa Rudolf Nissen, katika Hospitali ya Wayahudi ya Brooklyn, New York. Nissen naye alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka uleule wa 1933. Alipita Istanbul, akafanya kazi pale, akaingia Marekani mwaka wa 1939. Kwa wanaosoma udaktari jina lake linajulikana kwa operesheni ingine kabisa, ile ya kukaza mlango wa tumbo kwa watu wanaopata kiungulia kikali. Huyu mtu alipoweka mkono juu ya tumbo la Einstein alisikia kitu kinapiga. Kilipiga pamoja na moyo.

Alipofungua, mfuko wa nyongo ulikuwa mzima, hakuna hata jiwe moja. Chini yake, kwenye aorta, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa pamplemusi.

Aorta ni mshipa mkubwa kuliko yote ya mwili. Unatoka kwenye moyo, unashuka mbele ya uti wa mgongo, unapita tumboni, na karibu na kitovu unagawanyika mara mbili kwenda miguuni. Tumboni upana wake ni kama sentimita 2. Kila motari anajua tairi iliyochoka: upande mmoja unalegea, unatoa kibofu, na kadiri hewa inasukuma kibofu kinazidi, mpaka siku moja barabarani unasikia mlio. Aorta iliyochoka inafanya vilevile. Wanganga wanaita kibofu hicho anevrisma, na wanaanza kuhesabu kuwa ni ugonjwa pale aorta ya tumboni inafika sentimita 3. Kinachoichosha ni uzee, presha ya damu, damu ya familia (kama baba ama kaka alikuwa nayo), na mbele ya yote tumbaku. Wanaume wanaipata kuliko wanawake, lakini kwa mwanamke inapasuka mbele haijawa kubwa sana.

Sasa Nissen afanye nini? Kukata kile kipande kibovu kulikuwa hakujafanywa na mtu, maana ukikata aorta, miguu na viungo vya chini vinakosa damu, na hapakuwa na mpira wa kuweka mahali pake. Wanganga wa zamani walijaribu kuufunga mshipa kwa kamba. Astley Cooper aliufanya London mwaka wa 1817, mgonjwa akafa muda si mrefu. Rudolph Matas wa New Orleans alifaulu mwaka wa 1923, lakini kufaulu kwa namna hiyo kulikuwa kwa nadra. Wengine waliingiza nyuzi za chuma ndani ya uvimbe ili damu igande. Nissen alichagua njia ambayo ilikuwa mpya kidogo: alizungusha selofani juu ya uvimbe, ile karatasi ya kung'aa kama ya kufungia biskuti. Mwili haupendi selofani. Unaichukia, unatengeneza kovu gumu kuizunguka, na kovu hilo ndilo linatakiwa kushika ukuta usipasuke. Uvimbe wenyewe unabaki palepale.

Unaweza kucheka, lakini katikati ya mwezi wa kwanza 1949 mzee alitoka hospitalini kwa miguu yake, na aliishi miaka 6 na zaidi. Kama ni selofani ilimpa miaka hiyo, ama ni bahati, wapasuaji wamebishana na bado wanabishana. Mimi naona hata bahati ilisaidiwa kidogo.

Miaka hiyo haikuwa ya kukaa tu. Alizika dada yake mwaka wa 1951. Mwaka wa 1952 Israeli ilimwomba awe presidenti, akakataa kwa upole. Alipigana kwa maandishi na wale waliokuwa wanawinda wakomunisti katika Marekani, na alisema wazi juu ya ubaguzi wa weusi, wakati wazungu wengi wa cheo chake walinyamaza. Alijua kabisa anabeba nini tumboni. Wanasimulia kwamba walipomwonya inaweza kupasuka siku yoyote, alijibu kuwa ikipasuka, ipasuke.

Wakati yeye anaendelea na hesabu zake, upasuaji ulikimbia. Tarehe 29 mwezi wa tatu 1951, Paris, Mfaransa Charles Dubost alikata anevrisma ya tumbo, akaweka mahali pake kipande cha aorta ya mtu aliyekufa, na mgonjwa akapona. Ilikuwa mara ya kwanza. Lakini aorta za maiti zilikuwa ngumu kupata, na nyuma ya miaka zilioza zenyewe. New York, Arthur Voorhees alionyesha mwaka wa 1952 kwamba bomba la kitambaa linaweza kufanya kazi hiyo, maana mwili unakifunika kitambaa kwa ngozi yake laini ndani. Houston, Michael DeBakey, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanoni, alienda dukani kutafuta nailoni, akakuta imekwisha, wakamuuzia dakroni. Alirudi nyumbani akashona mabomba kwa cherehani. Kushona alifundishwa na mama yake. Dakroni hiyo iliyopatikana kwa kukosa nailoni, wapasuaji wameitumia toka wakati ule mpaka leo.

Ndiyo kusema mwaka wa 1955 dawa ya kweli ilikuwapo. Lakini ilikuwa na miaka 4 tu. Wapasuaji walioiweza walihesabika kwa vidole, na hata kwa anevrisma ambayo haijapasuka wagonjwa wengi walibaki mezani. Kwa ile iliyoanza kuvuja damu, waliokuwa wamepona dunia nzima walikuwa wachache sana.

Jumanne tarehe 12 mwezi wa nne 1955 maumivu yalirudi. Siku moja mbele yake alikuwa ameweka sahihi kwenye barua ya Bertrand Russell, wito kwa mataifa kuachana na vita kwa sababu ya bomu za atomiki. Jumatano alianguka nyumbani. Wanganga walikuja, na Frank Glenn, mpasuaji wa New York, akaitwa. Glenn alifikiri inafaa kujaribu. Einstein alikataa. Maneno yake yanajulikana, hatutayarudilia hapa; maana yake ilikuwa kwamba kurefusha maisha kwa ufundi hakumpendezi, kwamba amefanya sehemu yake, na kwamba anataka kwenda wakati wake mwenyewe anapoona inafaa. Aliuliza pia kama kifo kitakuwa kibaya. Walimwambia hawawezi kujua.

Ijumaa walimpeleka hospitali ya Princeton kwa sababu uchungu ulizidi. Palepale alikuwa amelazwa Margot, mtoto wa Elsa, wakaonana. Mtoto wake Hans Albert alikuja kutoka California akamsihi akubali kupasuliwa. Hakukubali. Jumapili alijisikia nafuu kidogo, akaomba miwani, kalamu na karatasi zake, akaendelea na hesabu. Nyuma ya saa saba ya usiku, kuamkia Jumatatu tarehe 18, alisema kitu kwa Kijerumani. Muuguzi aliyekuwa pale hakujua Kijerumani. Aorta ilipasuka kabisa, akafa. Alikuwa na miaka 76.

Mwili ulichomwa siku ileile na majivu yakamwagwa mahali ambapo watu hawakuambiwa, kama alivyotaka. Ubongo haukwenda naye: munganga aliyepasua maiti, Thomas Harvey, aliuchukua bila ruhusa ya familia. Hiyo ni aibu yake. Uchunguzi ulithibitisha kwamba ni anevrisma. Na wanganga wamebakiza jina la mgonjwa wao: anevrisma inapopasuka na kujifanya ugonjwa wa nyongo, toka mwaka wa 1984 kuna vitabu vinavyoita hali hiyo alama ya Einstein.

Basi, alikosea? Kwa hesabu za 1955, sioni. Mzee wa miaka 76, moyo uliowahi kuvimba, tumbo lenye makovu ya selofani ambayo yangefanya kisu kipite kwa shida, damu imeshaanza kutoka. Familia ililia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini nafasi ambayo Glenn alimpa ilikuwa nyembamba.

Kinachoshangaza ni kwamba nafasi ya mtu wa namna ile haijapanuka sana mpaka leo. Anevrisma ikishapasuka, karibu wagonjwa 8 kwa 10 wanakufa, wengi mbele ya kufika hospitali. Kati ya wanaofika kwenye meza ya upasuaji, katika hospitali nzuri za Uingereza, uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2014 ulikuta zaidi ya theluthi moja wanakufa ndani ya siku 30, hata kwa njia mpya.

Njia hiyo mpya ilianza Buenos Aires, Argentina, mwaka wa 1990, kwa mikono ya Juan Parodi. Tumbo halifunguliwi. Wanapitia kwenye kinena, wanapandisha ndani ya mshipa bomba la kitambaa lililokunjwa, na likifika ndani ya uvimbe wanalifungua. Damu inapita ndani ya bomba, ukuta mbovu unapumzika. Kwa mtu ambaye anevrisma yake haijapasuka, majaribio makubwa ya Uingereza yaliyotolewa 2004 yalionyesha kwamba kwa kufungua tumbo walikufa kati ya 4 na 5 kwa 100 ndani ya mwezi mmoja, na kwa njia ya bomba chini ya 2 kwa 100. Watu walifurahi, na katika nchi tajiri njia ya bomba ikashinda kisu. Lakini wagonjwa wale wale walifuatwa mpaka miaka 15. Mwaka wa 2016 matokeo yalitoka: faida ya mwanzo ilikuwa imekwisha, na nyuma ya miaka 8 waliowekewa bomba walikufa kuliko waliopasuliwa tumbo, kwa sababu wengine bomba lilivuja na uvimbe ukapasuka ndani. Aliyewekewa bomba lazima apimwe maisha yake yote. Na bei ya bomba hilo iko mbali sana na mifuko yetu.

Penye kuokoa watu wengi kweli ni mbele kabisa, wakati mtu hajasikia chochote. Uingereza waligawanya wanaume karibu 67,800 wa miaka 65 mpaka 74 katika makundi mawili, kundi moja wakaliita kupimwa tumbo kwa ekografi. Mwaka wa 2002 walitoa hesabu: katika miaka 4 hivi, waliokufa kwa anevrisma katika kundi lililoitwa walikuwa 65, katika kundi lingine 113. Toka 2009 England ilianza kuwaita wanaume wote wanapofika miaka 65. Si kila anevrisma inapasuliwa. Chini ya sentimita 5.5 kwa mwanaume wanaingojea na kuipima tena na tena, maana ilionekana kuharakisha kisu hakuongezi maisha. Na kuna habari ingine nzuri: katika majaribio yale ya kwanza karibu wanaume 5 kwa 100 walikuwa na anevrisma, leo England wanakuta karibu 1 kwa 100. Viko na sigara vimepungua, aorta zimepona zenyewe.

Siku Nissen alipofungua tumbo lake, Einstein alikuwa na miaka 69, na hapakuwa na mashini ya kuona uvimbe ule bila kisu. Leo ipo, hata katika hospitali zetu nyingi. Ni ileile ya ekografi ambayo mama mjamzito anapimiwa mtoto. Mzee anayevuta ama aliyevuta tumbaku miaka mingi, hasa kama kwao mtu aliwahi kufa ghafla kwa ugonjwa huu, anaweza kumwomba munganga amwangalie aorta siku anapopimwa kitu kingine. Analala chali, wanampaka mafuta baridi tumboni, na ndani ya dakika chache upana wa mshipa umejulikana.